Rangi Alizozipunguza Zuberi

Zuberi alikuwa amefungua madirisha mawili kwenye kioo kimoja cha kompyuta, moja kushoto na jingine kulia, na yote mawili yalionyesha mchoro uleule uliokaa ndani ya mashine moja huko Lubumbashi. Alisogeza mchoro wa kushoto. Ukafuata mkono wake mara moja. Alisogeza wa kulia. Ukaganda, kisha ukaanza kuja kipande kwa kipande, kama fundi anayebandika vigae ukutani bila haraka ya kurudi nyumbani.

“Hiyo ya kuume iko mugonjwa,” Georgette alisema nyuma yake. Alikuwa amesimama na kikombe cha chai, anasubiri arudishiwe kiti chake. “Ifunge, Zube. Inaniumiza macho.”

“Ngoja kidogo, Ya Georgette,” alijibu, akimwita dada mkubwa kama kawaida yake. “Ulisema maandiko yako iko na ukungu. Natafuta kujua ni juu ya nini.”

“Ukungu nilisha kuuzoea. Ni kama bwana. Kama anakuja mbio ukimuita, mengine unavumilia.”

Zuberi alicheka kidogo, bila kuondoa macho kwenye kioo. Ndivyo alivyofanya kazi: hubadilisha kitu kimoja, hukitazama, hukiacha kikae, ndipo aguse kingine. Hakuna aliyemfundisha. Alianza na redio za wavuvi zilizoingia maji ya ziwa, akaenda kwenye simu, na alipofika kwenye kompyuta alijisomea maelezo ya Kifaransa mstari kwa mstari, akirudia yale asiyoyaelewa mpaka yakubali.

Ofisi yao ndogo ya maji, hapa mjini Baraka, iliwahi kuporwa mara mbili wakati wa vita. Baada ya mara ya pili wakubwa waliamua kwamba mashine zenye nguvu zisikae tena huku wilayani Fizi. Mashine iliwekwa Lubumbashi, na Baraka vikabaki vioo na visanduku dhaifu ambavyo hata mwizi angeona aibu kuvibeba. Georgette, mchoraji wa ofisi, aliketi hapa na kuchora kule. Mkono wake ulikuwa Baraka, kalamu ilikuwa Lubumbashi, na kati yao palikuwa na antena juu ya bati na mbingu yote.

Miezi ya kwanza ilikuwa mateso. Georgette alivuta mstari wa bomba, akasubiri, mstari haukuja, akavuta tena, kisha ikaja mistari miwili kwa pamoja. Kila aliposogeza ramani, kioo kizima kilichorwa upya, nusu mpya na nusu ya zamani, nyumba zimekatwa vichwa. Siku moja alilia. Hakulia kwa sauti. Alifuta macho kwa kitenge akaendelea. Zuberi alimwona, na tangu siku hiyo akaichukua kazi ile kama deni lake mwenyewe.

Aliondoa picha ya nyuma ya kioo. Aliondoa vivuli, na menyu zinazoteleza kwa madaha, na ulaini wa herufi. Kila kimoja kilipunguza uzito kidogo, lakini kidogo tu. Ndipo juma lililopita alipofanya mambo mawili makubwa. Aliiomba mashine ya Lubumbashi iifungashe picha nzima kwa mtindo wa video badala ya kutuma vipande. Kisha akapunguza rangi: zile rangi nyingi ambazo jicho halizitofautishi, akazikunja zikawa chache.

Mchoro ukakimbia. Georgette alipiga makofi, akampigia kila mtu simu. Sehemu ya bomba la kijiji cha Lweba iliyokuwa imemshinda, pale mvua ilipobomoa ukingo na ikabidi mstari uhamishwe, aliimaliza kabla chai haijapoa. Mchoro ukachapwa, ukatiwa sahihi, na asubuhi ya leo mtu wa pikipiki ameupeleka Lweba. Kesho alfajiri Déogratias, msimamizi wa wachimbaji, angeanza kuchimba mtaro.

Sasa kipande cha mwisho cha dirisha la kulia, lile aliloliacha na rangi zake zote, kilitua mahali pake. Zuberi akalinganisha. Herufi za kulia zilikuwa safi, za kushoto zilikuwa na mafuta pembeni. Hilo alilitarajia. Akavuta karibu, pale bomba jipya linapopanda kilima, ili alitazame jina la mto.

Kulia palikuwa na miduara.

Ilikuwa midogo, ya kijani hafifu sana, mstari wake mwembamba kama unywele. Ilikuwa imekaa pamoja ubavuni mwa kilima, na bomba la bluu lilipita katikati yake. Akatazama kushoto. Kilima kilekile, bomba lilelile. Hakukuwa na mduara hata mmoja. Palikuwa na udongo wa kahawia tu, mtupu, kama uwanja unaosubiri kazi.

Alisogeza, akasubiri, akarudisha, akasubiri tena. Miduara ilirudi.

“Ya Georgette,” alisema taratibu. “Njoo utazame.”

Georgette aliinama. Kikombe kilibaki hewani.

“Hapana,” alisema. “Ile ilikuwa chini zaidi. Najua, ni mimi niliichora. Ilikuwa chini, karibu ya mto.”

“Ilikuwa chini ya bomba ya zamani, kabla uisogeze?”

Georgette aliweka kikombe juu ya meza bila kutazama mahali anapokiweka.

Miduara ile ilikuwa makaburi ya Lweba.

Zuberi aliukumbuka mkutano wenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa kuuendesha. Mke wake, Yasmina, alizaliwa Lweba, akalelewa na shangazi yake, Bi Zainabu, na watu wa kule walimsikiliza Zuberi kama mkwe, si kama ofisi. Alikuwa ameenda kuwaomba waonyeshe makaburi yao yote, ya zamani na mapya, ili bomba liyakwepe. Ofisi ilikuwa na alama yake ya makaburi: msalaba mweusi. Bi Zainabu aliuona kwenye mfano, akauliza mama yake amebatizwa lini. Wakatoliki nao hawakutaka mwezi. Na yalikuwepo makaburi ya kale, mawe tu na miti iliyopandwa kuyazunguka, ambayo hakuna aliyejua yawekwe upande gani. Basi wakakubaliana duara, maana duara halina dini.

Rangi ndiyo iliyochukua muda. Nyekundu waliikataa wote, kwa kuwa nyekundu ndiyo rangi inayopakwa kwenye nyumba zitakazobomolewa. Nyeusi ilikuwa ya tangazo la msiba. Mtu mmoja akasema kijani. Bi Zainabu akasema sawa, kijani, lakini kijani cha polepole, kwa sababu mchoro utabandikwa kwenye ukuta wa shule na yeye hataki wafu wake wawapigie kelele watoto wa watu. Georgette aliporudi Baraka alitafuta kijani cha polepole mpaka akakipata. Alikipenda. Alisema ni rangi yenye adabu.

Na Zuberi alisimama mbele yao akasema kwa kinywa chake: “Kila kaburi mulionyesha, mashine italiona. Bomba haitapita mule.”

Alinyanyuka akaenda kwenye kabati, akatoa nakala ya karatasi iliyokwenda Lweba. Printa ya ofisi ilikuwa ya wino mweusi tu. Aliielekeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Pale kilimani palikuwa na alama fulani, ndiyo, kama vumbi lililoshika karatasi. Aliyejua angeziona. Asiyejua angezipangusa kwa mkono.

“Ni mimi,” Georgette alisema. “Nilisogeza bomba bila kufikiri. Niliona pako peupe, nikasema Mungu ni mwema.”

“Uliona kile nilikuonyesha,” Zuberi alisema. “Tumuite kwanza Déo kwa simu. Ya nani alikosea itangoja.”

Rezo ya simu huko Lweba ilikuwa na tabia zake. Simu iliita, ikakatika, ikaita. Hatimaye sauti ya Déogratias ikatoka, na nyuma yake watu wengi wakizungumza kwa pamoja.

“Papa Zuberi. Nilikuwa nakutafuta tangu midi, tangu jua la saa sita.”

“Déo, kesho musichimbe. Unanisikia? Ile plani iko na kosa. Pale kilimani, kuna makaburi.”

“Makaburi naona,” Déogratias alisema. “Na mi niko na macho. Tulikata majani leo, tukasimika vijiti vya kuonyesha mtaro mpaka juu. Kijiti kimoja kimeingia kati ya mawe mbili.”

Zuberi alifunga macho. “Na ulisimika?”

“Karatasi yenu inaonyesha hapo. Iko na sahihi. Nilisema: hawa bantu ba Baraka balisha kuzungumza na benyewe ba makaburi, pengine balikubali kuhamisha. Mi nani nipinge mashine? Mwaka jana nilipinga, mukaniambia nifuate plani.”

Hilo lilikuwa kweli. Zuberi mwenyewe ndiye aliyemwambia.

“Sasa vijiti viko wapi?”

Déogratias akashusha sauti. “Haviko tena. Mama Zainabu alivingoa vyote. Ameviweka ndani ya kikapu, amekaa juu ya kikapu, yuko anakula mihogo. Hataki kuondoka. Bamama bengine bameanza kuja. Ngoja, anataka simu.”

“Déo, ngoja kwanza…”

Lakini simu ilishahama mkono.

“Mukwe wangu,” ilisema sauti ya Bi Zainabu. Haikuwa kali. Zuberi angependa iwe kali.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Yasmina hajambo?”

“Hajambo, shangazi.”

“Batoto?”

“Bako muzima.”

“Vema.” Alisikika akitafuna. “Nilitaka kuuliza kitu. Ulituambia mashine itaona. Mimi sikusoma, labda nilisikia vibaya. Iliona?”

Zuberi alitazama madirisha mawili. “Iliona, shangazi. Ni mi nilifanya kioo chetu kisione. Nilitaka kazi iende mbio, nikapunguza rangi. Ile kijani ikapotea.”

“Ile ya polepole.”

“Ile ya polepole.”

“Ah. Kwa hiyo ni sisi tulitaka rangi ya adabu, nawe ukatafuta mbio. Na mama yangu akabaki katikati.”

“Ndiyo, njo vile.”

“Sikutukani, mukwe. Ningekuwa nakutukana ungejua. Lakini nikuambie hali. Banaume huku banasema kama mumedanganya kwa wafu, mutadanganya na kwa maji. Banasema musilete matiyo yenu ya maji. Kuna bamama hapa banatoka mutoni na bidoo kila siku tangu bazaliwe, na bao ndio banasema hivyo. Kesho kuja. Kuja mwenyewe na miguu yako. Usilete karatasi.”

“Nitakuja asubuhi, shangazi.”

“Vijiti nitakaa navyo. Vizuri kwa kupikia.”

Simu ikakatika, au akaikata.

Georgette alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti. Alikuwa amefunga dirisha la kushoto, lile la mbio, na sasa alijaribu kuukamata mstari wa bomba ndani ya lile la kulia. Alivuta. Hakikuja kitu. Nje mawingu yalikuwa yameshuka juu ya rasi ya Ubwari, na taa ya betri za sola ilishaanza kugeuka rangi.

“Hivi hatutamaliza,” alisema. “Nikisogeza kidogo tu, nangoja mpaka naota mvi. Rudisha ile ya mbio, mi nitakumbuka makaburi kwa kichwa.”

“Kwa kichwa njo tulifika hapa.”

Hakulisema kwa ukali, na Georgette hakulichukua kwa ukali. Zuberi alivuta kigoda, akaketi pembeni yake, akatazama tu. Alitazama kipi kinakuja haraka na kipi kinachelewa. Mistari haikuchelewa. Mstari wa bomba, ukiuangalia vizuri, ulikuwa kitu chepesi. Rangi yoyote ungeupa, ungebaki mwepesi. Miduara nayo ilikuwa myepesi. Kilichoburutwa kutoka Lubumbashi kwa shida ilikuwa picha iliyolala chini ya vyote, ile picha ya Lweba iliyopigwa kutoka angani, yenye kila mti na kila bati na kila kivuli cha mhogo. Ukisogeza mchoro hatua moja, kila jani la Lweba lilipaswa kusafiri upya.

“Zima picha ya chini,” alisema.

“Nikizima sioni nyumba.”

“Najua. Zima.”

Georgette alizima. Kilima kikatoweka, na mto, na mapaa. Ilibaki nyeupe, na juu ya nyeupe bomba la bluu, na miduara ya kijani imekaa peke yake kama watu waliosubiri muda mrefu. Akasogeza. Mchoro ukafuata mkono wake, na rangi zote zikiwa pale.

Hakuna aliyepiga makofi. Lilikuwa jambo dogo. Lilikuwepo juma lililopita vilevile. Zuberi alikuwa amebadilisha mambo mengi, moja moja, kwa uangalifu wake wote, na hakugusa hili, kwa sababu picha ile ilikuwa nzuri, na wageni wa ofisi waliipenda.

Simu yake ililia. Ilikuwa ya Lionel, injinia anayetunza mashine kule Lubumbashi. Zuberi alimweleza mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka kitu.

“Aisee,” Lionel alisema. “Lakini mchoro umesainiwa na Georgette, sivyo? Kwa rapoti, tutaweka kosa la uchoraji. Ni rahisi zaidi.”

Georgette alikuwa anasikia. Mkono wake uliendelea kusogeza bomba.

“Sahihi ni yake,” Zuberi alisema. “Rangi ni zangu.”

“Sikukulaumu, Zuberi. Ile kazi yako ni ya maana sana. Nilisha iweka kwa ofisi za Kalemie na Moba pia, banafurahi.”

“Kalemie,” Zuberi alisema, “makaburi yao banayachora na rangi gani?”

“Sijui,” Lionel alisema. “Sikuuliza.”

“Uliza, tafadhali. Leo hii.”

Alipoweka simu, Georgette alikuwa amelizungusha bomba upande wa juu wa kilima, mbali na miduara, na kulirudisha kuelekea kijijini. Alifanya kazi bila kuzungumza, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Kisha mkono wake ukasimama. Bomba lilikuwa limefika karibu na mto, mahali pa kuvukia, na mbele yake palikuwa peupe tu.

“Hapa kuna nyumba,” alisema. “Ya ule mzee wa nyavu, na nyingine mbili. Sijui ziko kushoto ao kuume. Naomba picha, kidogo tu.”

Waliwasha picha. Ilianza kuja kutoka juu: ukanda mmoja wa miti, ukanda wa pili. Taa ya betri ikawa nyekundu. Ukanda wa tatu ulifika nusu, ukaonyesha kona ya bati moja, na ukasimama hapo.

“Hifadhi,” Zuberi alisema. “Sasa hivi, Ya Georgette.”

Alihifadhi. Wakasubiri wote wawili, wakitazama kile kiduara kinachozunguka, mpaka Lubumbashi ikajibu kwamba imepokea. Ndipo Zuberi akazima kioo ili betri zibaki na umeme wa kuanzia kesho. Kwenye mashine ya mbali, bomba la Lweba lilibaki limesimama ukingoni mwa mto, halina upande wa pili.

“Nikifika nitasimama pale pale,” Zuberi alisema. “Nitakuita kwa simu. Utaniuliza nyumba iko wapi, mi nitakuambia, we utachora.”

“Na kama banakataa usimame?”

Alifikiri. “Basi nitakaa na shangazi juu ya kikapu.”

Georgette alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kisha tabasamu likaondoka. “Zube. Bakikataa maji kabisa, itakuwa juu ya kijani yangu.”

“Kijani yako ilikuwa sawa,” alisema. “Balikuomba, ukabapa.”

Alifungua mfuko wake wa safari ya kesho. Alikuwa ameshaweka ndani nakala ya mchoro, kwa mazoea tu. Akaitoa, akaikunja, akairudisha kabatini. Mvua ilianza kupiga bati. Kutoka msikiti wa sokoni adhana ya magharibi ilisikika nusu, nusu ikazama kwenye mvua, na Zuberi akasimama mlangoni akingojea ipungue. Alijua kwamba simu ya Bi Zainabu ingefika nyumbani kabla yake, na kwamba Yasmina angemwekea chakula, angekaa mbele yake, na angemwuliza kwa upole kijiti kimeingia kati ya mawe yapi, ya kaburi la nani.